Yuniti za LUKU zimekwisha, nani kazimaliza?

Mita imeanza kulia saa mbili usiku, na siku kumi hazijatimia tangu watu wachangishane. Katika nyumba ya kupanga huko Kinyerezi, familia tatu kwa mita moja ya LUKU, mlio ule hufungua kesi. Mama wa chumba cha mbele anatoka na kanga yake begani, anasimama uani, anasema bila kumtazama mtu: "Humu kuna watu wanachemsha maji ya kuoga kama wanapika pilau la harusi."

Kijana wa chumba cha nyuma anajua anayesemwa ni yeye. Hita yake ya ndoo inaning'inia kwenye msumari mlangoni, kila mpitaji anaiona.

"Shikamoo, mama. Mimi nachemsha ndoo moja tu, asubuhi."

"Marahaba, mwanangu. Ndoo moja kila siku ni ndoo thelathini kwa mwezi."

Kesi za namna hii huamuliwa kwa macho. Anayeonekana na koili au maji yanayofuka mvuke, huyo ndiye mla umeme. Friji inayonguruma kwenye kona usiku kucha haitajwi na yeyote. Mita yenyewe haina macho. Inahesabu vitu viwili tu, wati na muda.

Wati ni kasi ya kifaa kula umeme, na kwa kawaida imeandikwa kwenye kibandiko nyuma au chini ya kifaa. Yuniti moja ni wati 1,000 zilizotumika kwa saa moja. Basi hita ya wati 1,500 ikiwashwa kwa dakika 20 inakula nusu yuniti, na muda huo unatosha kupasha ndoo ya lita 20 iwe maji ya uvuguvugu mzuri wa kuoga. Kwa mwezi ni yuniti 15. Feni ya wati 60 inayozunguka saa nane kila usiku inakula karibu kiasi hicho hicho, yuniti 14 na kidogo. Feni! Nani amewahi kushtakiwa kwa feni? Sasa ije friji ya wati 120. Hata ikikadiriwa kwamba mashine yake inafanya kazi saa 10 tu kati ya 24, ni yuniti 36 kwa mwezi, zaidi ya mara mbili ya hita ya kijana. Na friji ni ya mama.

Hapo bado pesa. Kwa bei zilizoanza mwaka 2016, mteja wa nyumbani mwenye matumizi madogo, yasiyozidi yuniti 75 kwa mwezi, aliwekwa kundi la D1 na kulipa shilingi 100 kwa yuniti. Wa kundi la T1 alilipa shilingi 292, kabla ya kodi na tozo. Familia tatu kwenye mita moja huzipita yuniti 75 bila hata kujitahidi. Kila familia peke yake ni mtumiaji mdogo, lakini mbele ya mita wote ni mteja mmoja mkubwa. Hilo linawaumiza wapangaji kuliko hita yoyote, na si kosa la mpangaji.

Kijana naye ana lalamiko lake. Siku akichelewa akachemsha maji jioni, ndoo haipati moto haraka, na mama anasema hapo ndipo yuniti zinapokwenda zaidi. Umeme unakuja mdogo. Ni jambo la kuudhi kwa mkazi wa Kinyerezi, ambaye mitambo ya gesi iko jirani yake. Kinyerezi II peke yake ina uwezo wa megawati 240, sawa na hita 160,000 za ndoo zikiwashwa kwa mpigo. Lakini umeme ule hauvuki barabara na kuingia uani. Unapandishwa kwenye gridi, unasafiri, unashushwa kwa transfoma hadi volti 230, kisha unafuata nyaya za mtaani. Jioni, wote wakipika na kupiga pasi, nyumba ya mwisho wa laini inaweza kubakiwa na volti 180.

Koili ya hita haibadiliki. Ukinzani wake, kwa hita hii ya wati 1,500, ni kama omu 35, asubuhi na jioni. Volti zikishuka, msukumo unapungua, umeme unaopita nao unapungua, na pigo linakuwa mara mbili: kwa volti 180 hita ile inabaki na wati 920 hivi. Ndoo ya dakika 20 inachukua zaidi ya nusu saa. Yuniti zinabaki karibu zile zile, maana inakaa muda mrefu lakini inakula polepole. Kwa hiyo hapo mama amekosea. Umeme mdogo unamwibia kijana muda.

Friji ndiyo inayoumia. Mota yake ikikosa msukumo wa kuanzia inakazana, inavuta umeme mwingi, inachemka, na siku moja inaungua. Bei ya friji gadi ni ndogo kuliko ya kufufua mashine.

Kuna jambo jingine la kuangalia kabla ya yuniti, nalo ni jiko la koili lililokatika. Fundi wa haraka huvuta ncha mbili akaziunga, na kipande kikatupwa. Koili fupi ina ukinzani mdogo, kwa hiyo inapitisha umeme mwingi. Jiko la wati 1,000 likipoteza robo ya koili yake linakuwa la wati 1,300 na zaidi. Linaiva haraka, mwenyewe anafurahi, huku waya na plagi vinapata moto. Ndivyo ilivyo pia kwa ekstensheni nyembamba: birika la wati 2,200 na hita ya 1,500 kwa pamoja ni ampea 16, wakati plagi yake ni ya 13. Ikiwa vuguvugu mkononi, chomoa kimoja. Na hita ya ndoo ichomolewe ukutani kabla mtu hajatia kidole majini, watoto wakiwa mbali.

Usiku ule vibandiko vilisomwa kwa tochi ya simu. Cha friji kilikuwa kimefutika nusu.

"Hii ni 120 au 170?" kijana akauliza.

Mama akainama, akatazama, akanyamaza kidogo. "Andika 120," akasema. "Na hiyo feni ya chumba cha kati, wameshaisoma?"