Doa la Chai Si Mwisho wa Mkoba

Mama anayetoka Mhunze alfajiri kwenda Shinyanga mjini hubeba katika mkoba wake mambo mazito kuliko tunavyodhani. Humo mna kitambulisho, kadi ya kliniki ya mtoto, stakabadhi ya ada, na baada ya msimu wa pamba kufunguliwa mwezi Mei, huenda mna malipo ya jasho la mwaka mzima. Humo humo mna pia chupa ya soda au ya chai ya maziwa kwa ajili ya njiani. Gari likirukaruka na kifuniko kikalegea, ofisi nzima ya nyumba hulowa.

Hapo wengi wetu humkaripia kwanza mtoto aliyeishika chupa, kisha hukimbilia maji ya moto na sabuni ya unga. Yote mawili hayafai. Karipio halikaushi kitu, na maji ya moto huyapikia maziwa katika nyuzi za kitambaa, yakaganda humo na baadaye kunuka.

Jambo la kwanza, ndugu msomaji, ni kukung'uta mkoba na kuokoa vilivyomo. Tandaza karatasi na noti kivulini, kila moja peke yake, wala usizisugue. Pili, chukua kitambaa kikavu cheupe ukandamize mahali palipolowa. Kandamiza tu, usisugue, maana kusugua hulisukuma doa ndani na kulipanua.

Baada ya hapo tazama kilichomwagika. Soda ina sukari. Ikikauka leo huenda usione kitu, lakini kesho sisimizi watakuonyesha ilipo, na vumbi la kiangazi litanata juu yake mpaka paonekane peusi. Chai ya rangi ina tanini, ambayo hushika nyuzi za pamba kama rangi ya kutilia nguo. Chai ya maziwa ina matatizo mawili kwa pamoja: tanini ya majani na mafuta ya maziwa.

Mkoba wa kitambaa, au bitana ya mkoba wowote inayoweza kuvutwa nje kama mfuko wa suruali, usuuze kwa maji baridi, kisha uoshe kwa povu la sabuni ya mche. Doa la chai likibaki, lipakwe siki iliyochanganywa na maji, liachwe kwa dakika chache na kusuuzwa. Jaribu kwanza pembeni pasipoonekana, kwa kuwa siki na ndimu huweza kupausha rangi. Dawa ya kung'arishia nguo nyeupe isiguse mkoba wa rangi.

Mkoba wa ngozi una hulka yake. Baadhi ya ngozi husindikwa kwa tanini ya magome, kama yale ya miwati inayopandwa Njombe. Maji yakidondoka mahali pamoja huichukua rangi na kuiacha ukingoni yanapokauka. Ndiyo maana huonekana duara la kahawia. Kwa hiyo usilowanishe doa peke yake. Pangusa upande wote, kutoka mshono hadi mshono, kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na povu jepesi, kisha kwa kitambaa chenye maji safi. Penye mafuta ya maziwa nyunyiza unga mkavu wa mahindi, uuache usiku kucha, asubuhi uukung'ute.

Mkoba wa ngozi bandia hauna makuu: sabuni na maji vyatosha. Jihadhari tu na petroli na tina ya rangi, kwani huyeyusha ule utando wa juu. Mkoba wa ukindu uswakiwe upesi kwa maji na kutundikwa penye upepo, usije ukaota ukungu.

Kukausha ndiko kunakohitaji subira. Jua kali la Kishapu huifanya ngozi ikakamae na kupasuka, na moto wa jikoni ni mbaya zaidi. Jaza mkoba matambara makavu ili usipoteze umbo, uuache wazi kivulini. Magazeti makuukuu pia hufyonza maji, lakini yafunge kwanza ndani ya kitambaa, maana wino wake huweza kuacha doa jipya. Ngozi ikishakauka kabisa, ipake dawa ya viatu isiyo na rangi, kidogo tu.

Akina baba wenye pochi mfukoni wasidhani kwamba haya hayawahusu. Bia nayo ina sukari.

Mkoba mzuri hununuliwa kwa kujinyima. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Safari ijayo, basi, chupa na ifungwe katika mfuko wake, isimame wima, na kadi ya mtoto iwe mbali nayo.