Hukumu ya Barazani

Tangu nifanyiwe upasuaji na kuwekewa nyonga ya bandia, kila anikutaye alfajiri nikikimbia ana neno moja tu: "Mzee, pumzika!" Najua wananipenda. Lakini huruma yao nimeichoka, na leo nasema wazi kwamba wanakosea.

Nyonga ya bandia haikubuniwa ili mtu akae kitako. John Charnley wa Uingereza, ambaye njia yake ilianza kuenea tangu mwaka 1962, alitaka waliolemazwa na maumivu watembee tena. Januari 2019 Andy Murray alivikwa chuma nyongani. Oktoba mwaka huo huo akatwaa taji la tenisi kule Antwerp.

Mtaniambia yule alikuwa kijana, tena bingwa. Kweli. Najua pia kwamba viungo hivi huweza kulika, na madaktari wengi hupendelea kutembea, kuogelea au baiskeli kuliko mbio. Ndiyo maana sikukurupuka. Nilianza na magongo, nikatembea miezi mingi, kisha nikakimbia kutoka nguzo moja ya umeme hadi ya pili. Mipaka kaniwekea daktari wangu, naye namtii.

Ninachokataa, ndugu msomaji, ni hukumu ya barazani, inayotazama mvi bila kuuliza picha ya eksirei inasema nini. Paja lisilotumika hunyauka. Hilo mbona hawalionei huruma?

Siku daktari akisema basi, nitaacha. Jirani akisema basi, nitamwamkia na kupita.