Maonyesho ya mashua ziwani yasiishie mwaloni

Machi 2021 jahazi dogo la rangi nyingi lilitweka tanga Kisumu na kuanza safari ya Ziwa Victoria, likapita Kenya, Uganda na Tanzania. Jahazi hilo, Flipflopi, halikujengwa kwa mbao. Mafundi wa Lamu wakiongozwa na Ali Skanda walilitengeneza kwa taka za plastiki zipatazo tani 10, kisha wakalivika vipande vya ndala 30,000 zilizookotwa ufukweni. Lilishushwa majini mwaka 2018, na mwaka uliofuata lilitoka Lamu hadi Zanzibar, safari ya kilomita 500 hivi.

Chombo kigeni kikitia nanga watu hawakai majumbani. Kwa watu wa Lamu, ambako mashindano ya mashua hujaza ukuta wa pwani watazamaji, hilo si geni. Waandaaji waliutumia mvuto huo kuzungumzia taka, na walifanya vizuri. Mvuvi ambaye hawezi kualikwa kwenye semina ya hotelini aliweza kuligusa jahazi na kuona kuwa chupa aliyoitupa inaweza kuwa ubao.

Hata hivyo, ndala na chupa ni sehemu tu ya tatizo la ziwa hili lenye kilomita za mraba 68,800. Sehemu kubwa inatoka mashambani, mbali na mialo, na huko jahazi halifiki. Mto Nyando, unaomwagilia mpunga wa Ahero, hushuka na udongo mwingi kila msimu wa mvua. Udongo huo hubeba mbolea, na mbolea ndiyo chakula cha magugu maji. Wavuvi wa Ghuba ya Winam hawajasahau mwishoni mwa miaka ya 1990, magugu yalipoziba mialo na bandari ya Kisumu, mitumbwi ikashindwa kutoka. Wadudu walioletwa kuyala waliyapunguza, lakini yamerudi mara kadhaa kwa sababu chakula chake hakijakoma kushuka.

Mkulima anayenyunyizia mbolea mvua kubwa ikikaribia hupoteza fedha mara mbili: mfuko unaenda na maji, kisha sato na dagaa wanapanda bei sokoni. Kuigawa mbolea ya kukuzia mara mbili, kuchimba matuta ya kukinga maji na kuacha ukanda wa majani ya tembo kando ya mto ni kazi ya jembe, na majani hayo ni malisho ya ng'ombe. Safari nyingine ya aina hii ikipangwa, inafaa vyama vya ushirika vya mabondeni vialikwe kama wenye ziwa, si watazamaji.

Kwa wafanyabiashara wadogo hesabu ni nyingine. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017 na Tanzania Juni 2019, lakini chupa za maji na soda bado zinaelea. Hotuba haimfanyi mama wa mwaloni azikusanye kama hakuna mnunuzi. Mnunuzi naye hafiki kwa sababu chupa tupu hujaza lori bila uzito, na nauli inakula faida yote. (Ndiyo maana vyuma chakavu haviokotwi na serikali, vinaokotwa na vijana.) Zikibanwa na kuwekwa pamoja, lori hilohilo hubeba mzigo wenye thamani.

Kazi hiyo inaweza kufanywa na vikundi vya usimamizi wa uvuvi, BMU, ambavyo tayari vipo mialoni nchini Kenya na Tanzania na vina viongozi waliochaguliwa. Vinachokosa ni ghala dogo, mizani na mashine ya kubana. Mfadhili anayegharamia jukwaa, fulana na vipaza sauti vya siku ya mashindano aombwe pia aache mashine moja kwenye kila mwalo mashua zinapotia nanga.