Mbwa wa Kununua Hajui Shamba Lako

Likizo hii nililala dunguni Utete, nikimsaidia babu kulinda mpunga dhidi ya nguruwe pori. Jirani alikuwa amechoka kugonga madebe usiku kucha, akanunua mbwa wa kuwinda aliyefundishwa tayari. Siku ya nne mbwa akakata kamba, akarudi kwa bwana wake wa zamani! Hela imekwenda, mpunga umeliwa.

Mimi nasema fuga mwenyewe. Madhehebu ya Shafi, tunayofuata wengi huku, yanaruhusu kufuga mbwa wa kuwinda na kulinda mazao, ila kumuuza hayakubali. Ni kazi, kweli: kulisha, kufundisha, chanjo ya kichaa. Lakini aliyekulia chini ya dungu anaijua mipaka, na sauti ya babu pia. Babu keshaagiza kitoto kimoja kwa mjomba, ng'ambo, Mkongo. Bure.