Waya Mmoja, Roho 35

Stesheni ya Clapham Junction, kusini mwa London, ilifunguliwa mwaka 1863. Ingawa inaitwa Clapham, imo Battersea, mtaa uliokuwa wa wafanyakazi. Wenye reli walipendelea jina la jirani aliyehesabiwa kuwa na hadhi zaidi. Hapo hukutana njia za Waterloo na Victoria, na kila asubuhi maelfu ya watu hubadili treni wakienda kazini.

Tarehe 12 Desemba, 1988, karibu na stesheni hiyo, treni iliyotoka Poole iliigonga kwa nyuma treni iliyokuwa imesimama. Kisha treni ya tatu, isiyo na abiria, ikaivaa. Watu 35 walipoteza maisha na mamia wakajeruhiwa. Wa kwanza kufika kuokoa walikuwa walimu na wanafunzi wa shule ya Emanuel, iliyo kando ya reli.

Wahenga walisema ajali haina kinga. Lakini mara nyingi msemo huo hugeuzwa kuwa shuka la kufunikia uzembe. Uchunguzi wa Anthony Hidden, uliotolewa mwaka 1989, ulionyesha kuwa kinga zilikuwapo, ila hazikutumika. Fundi wa ishara aliuacha waya wa zamani ukining'inia. Ukagusa pale ulipokuwa umefungwa awali, na taa ikashindwa kuwaka nyekundu. Katika wiki 13 fundi huyo alikuwa amepumzika siku moja tu. Wala hapakuwa na mtu wa pili aliyezihesabu nyaya.

Ni rahisi kumtwisha fundi lawama zote. Uchunguzi ulikwenda mbali zaidi, ukataka saa za kazi ziwekewe mipaka. Mwaka 1991 shirika la reli likatozwa faini ya pauni 250,000. Hata hivyo, faini ya shirika la umma hulipwa na umma, wakiwamo abiria wale wale.

Hapa pana funzo kwetu watumishi na walimu. Tumezoea kumsifu mtumishi asiyekwenda likizo, na kuweka saini ya ukaguzi juu ya kazi tusiyoikagua. Hiyo ya kwanza si bidii, na ya pili si imani kwa wenzetu. Kiongozi anayewajibika humpumzisha mfanyakazi wake, kisha huikagua kazi yake kwa macho yake mwenyewe. Asiyefanya hivyo asije akatuambia kuwa ajali haina kinga.