Kwaheri ya Mchezaji wa Ridhaa

Katika kila klabu ya ridhaa huwapo mtu mmoja ambaye hufunga mabao machache, hukosa mengi, na siku anapoondoka husikitikiwa kuliko mfungaji bora. Mtu huyo si fundi wa mpira. Ni fundi wa maneno. Ndiye awachekeshaye wenzake ndani ya lori wakati timu inarudi imefungwa matano, na ndiye awasahaulishaye vijana wageni hofu kabla ya mchezo. Anapopata uhamisho, kuaga kwake aghalabu huwa ndio mchezo wake mzuri kuliko michezo yote aliyopata kuicheza.

Na achukuliwe, kwa mfano, koplo wa polisi wa Arua aliyeletewa barua ya uhamisho kwenda Koboko. Jina lake halina haja, maana wa namna yake ni wengi. Huchezea timu ya mtaa jioni baada ya zamu, halipwi kitu ila soda, na viatu vyake vimekwisha kushonwa mara nne na fundi wa sokoni. Kutoka Arua hadi Koboko ni kilomita zaidi ya 50 kidogo, kwa barabara ya lami iendayo mpakani Oraba, na machoni pa mkubwa aliyetia sahihi barua ile, huo si uhamisho wa kuliliwa. Mtu aweza kwenda asubuhi na kurudi kabla ya chakula cha jioni. Walakini machoni pa klabu, Koboko ni ng'ambo. Koboko kuna timu, na timu hizo huja Arua kucheza. Basi yule aliyekuwa beki wa nyumbani juzi, kesho kutwa atakuja amevaa fulana ya wageni, hali akilijua kila shimo la uwanja na kila udhaifu wa mlinda mlango.

Jioni ya kuagana watu hukusanyika nyuma ya nyumba za askari. Mama watoto amesonga enyasa na kupika samaki wa angara. Jirani ameleta kwete, ambayo kwa ajili ya usalama wa raia huwekwa mbali na wale watakaoingia zamu saa nne ya usiku. Nahodha husema maneno mawili ya heshima, mwalimu wa timu hukohoa na kukaa, kisha koplo husimama na kuvuta mkanda wake kana kwamba yumo gwarideni.

"Afande nahodha, mwalimu, ndugu zangu, na ninyi shemeji zangu mlioko jikoni," huanza, "nimekuja kutoa hesabu. Miaka mitatu nimeitumikia klabu hii, na bao nililofunga ni moja tu. Hata hilo, mlinda mlango wetu hajanisamehe mpaka leo."

Kicheko cha kwanza huanzia kwa mlinda mlango mwenyewe, naye hucheka akitikisa kichwa.

"Benchi nalirudisha. Nililipokea bichi, nawaachia limekauka kwa joto langu. Fulana namba tano namkabidhi kijana atakayekuja baada yangu. Asiogope tundu la begani. Humo ndimo upitamo upepo wa kumsukuma mbele. Wale mnaonidai, majina yenu nimeyaandika yote bila kuacha hata moja, isipokuwa karatasi yenyewe nimeisahau kituoni. Na huko Koboko, Mungu akinijalia nikawafunga, msiseme nimewasaliti. Semeni: hatimaye amejifunza."

Anayesikiliza kwa makini ataona kwamba kila mzaha hapo umebeba mzigo. Lile bao la kujifunga liliwatoa katika mashindano, na hapana aliyethubutu kulitaja mbele yake. Sasa amelitaja mwenyewe, na mlinda mlango ameondolewa kinyongo bila mtu kuombwa radhi. Wadeni wamekwisha kuambiwa kwamba hawakusahauliwa, na ni wazi kwamba siku ya mshahara mmoja wao atapelekewa chake na dereva wa basi. Na neno lile gumu kuliko yote, kwamba atakuja kucheza dhidi yao, limesemwa mapema, mbele ya chakula, kabla halijasemwa na wambea wa sokoni.

Mchezaji anayelipwa hana haja ya haya yote. Yeye ana mkataba, na akiondoka klabu mbili huandikiana barua na fedha hupita. Mwaka 2017 Muhammad Shaban, mshambuliaji wa Onduparaka ya Arua, alichukuliwa na KCCA ya Kampala, na mwaka uliofuata akavuka jangwa kwenda Raja Casablanca ya Morocco. Aliyefika mbali hivyo huagwa kwa fahari, na vijana wa Arua hulitaja jina lake wakipiga danadana. Mchezaji wa ridhaa hachukuliwi na mtu; huhamishwa na kazi, au ndoa, au ugonjwa wa mzazi, na nyuma yake huacha pengo lisilofidiwa hata kwa mpira mmoja mpya. Ada pekee awezayo kulipa ni kuwachekesha wenzake usiku mmoja.

Vigumu zaidi ni kuhama ndani ya mji mmoja. Onduparaka ilipanda ligi kuu ya Uganda mwaka 2016, na mwaka 2021 ikafuatwa na Arua Hill, klabu nyingine ya Arua hiyo hiyo. Basi nyumba zikagawanyika, baba akishangilia huku na mtoto kule, na mama akiwapakulia wote wawili kutoka sufuria moja. Hata Livingstone Mbabazi, aliyepata kuwa mwalimu wa Onduparaka, baadaye alikuwa mwalimu wa Arua Hill. Avukaye namna hiyo hana zile kilomita 50 za kupooza hasira. Kesho yake atakutana na wenzake wa zamani kwa kinyozi, msikitini, kanisani, au penye foleni ya maji, na bila neno la kuchekesha la kutangulia mbele yake, njia itakuwa nyembamba.

Si kila mzaha ufaao, hata hivyo. Wako wanaongoja siku ya kuaga ili watoe sumu ya miaka mitatu, wakamkejeli mwalimu aliyewaweka benchi, au mweka hazina ambaye kweli hesabu zake zina walakini. Watu hucheka kwa adabu, wakitazama chini. Kuaga kwa kulipiza ni kufungua kesi, na mshitakiwa hana nafasi ya kujibu kwa kuwa mshitaki ana basi la asubuhi. Mchekeshaji mwema hujicheka mwenyewe kwanza, tena zaidi.

Wazee huketi pembeni katika vikao kama hivi, na aghalabu wao ndio wachekao kwa sauti kubwa kuliko vijana. Sababu ni kwamba wanakumbuka miaka ambayo wachezaji waliondoka na hapana aliyepata kuaga.

Mwaka 1972 ungaliweza kuwa mwaka wa furaha tupu katika michezo ya Uganda. Simba, klabu ya jeshi, ilifika fainali ya kombe la klabu bingwa za Afrika, ikashindwa na Hafia ya Guinea. Kule Munich, Ujerumani ya Magharibi, tarehe 2 Septemba, afisa wa polisi John Akii-Bua alishinda mbio za mita 400 za kuruka viunzi kwa sekunde 47.82, na kuiletea Uganda medali yake ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki. Na katika michezo hiyo hiyo ilikuwamo timu ya Uganda ya mpira wa magongo. (Jina hili huwachekesha askari wa Tanzania, ambako gongo ni pombe haramu ya kumwagwa na polisi. Gongo la mchezo halina kosa lolote ila kwamba upande wake mmoja tu, ule bapa, ndio uruhusiwao kugusa mpira.)

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa Uganda kupeleka timu ya magongo katika Olimpiki, na mpaka leo ndiyo mara pekee. Wachezaji wake wengi walikuwa Waganda wenye asili ya Bara Hindi, Wagoa na Masingasinga, pamoja na wenzao Waafrika wachache. Wote walikuwa wachezaji wa ridhaa: makarani, walimu, wafanya biashara, watu wa kufunga kazi jioni na kwenda uwanjani. Kabla ya michezo kufunguliwa tarehe 26 Agosti, neno lilikuwa limekwisha kutoka nyumbani. Tarehe 4 Agosti Idi Amin, ambaye ukoo wake ni wa Koboko, aliwatangazia askari huko Tororo kwamba Wahindi waondoke nchini, na muda waliopewa ulikuwa siku 90. Mwanzo ilisemwa ni wenye pasi za Uingereza tu. Lakini hata waliojiona raia walipanga foleni kuhakikiwa karatasi zao, na wengi walikataliwa.

Basi wachezaji wale walishika magongo yao juu ya nyasi za Munich, wamevaa fulana ya Uganda, ilhali nyumbani siku zilikuwa zinahesabiwa. Michezo ilipofungwa tarehe 11 Septemba, zilikuwa zimebaki wiki nane tu kufika ukomo wa tarehe 8 Novemba. Uingereza peke yake ilipokea watu wapatao 28,000, na wengine wakaenda Kanada, Bara Hindi na kwingineko. Klabu zilizojengwa na Wahindi mjini Kampala zilibaki na viwanja bila watu. Timu inayopoteza mchezaji mmoja humfanyia karamu na kusikiliza hotuba yake. Timu inayopoteza tisa kati ya kumi na mmoja haina hotuba, kwa kuwa hapana wa kuisikiliza. Arua nako milango ya maduka ya Wahindi ilifungwa, na mteja aliyekwenda kulipa deni lake la sukari hakumkuta wa kumlipa.

Kisha zamu ikawafikia wenyewe wa West Nile. Serikali ya Amin ilianguka mwezi wa Aprili 1979, na mwaka huo na uliofuata watu wa Arua na Koboko walikimbia kwa maelfu, wengine Zaire, wengine Sudan, askari na raia, waliokosa na wasiokosa. Aliyevuka mpaka usiku na mtoto mgongoni hakukumbuka kurudisha fulana ya klabu. Akii-Bua naye, pamoja na dhahabu yake, alikimbilia Kenya mwaka 1979, na kutoka huko akaenda Ujerumani. Wengi wa West Nile walikaa ng'ambo miaka mingi. Waliporudi, walikuta uwanja umeota nyasi refu kuliko milingoti, na klabu haina daftari wala nahodha. Ikabidi kuanza kwa kuulizana ni nani aliye hai.

Kwa hiyo koplo anaposema kwamba karatasi ya madeni ameisahau kituoni, mzee aliyeketi pembeni hucheka mpaka machozi yakamtoka, na kijana aliye jirani yake hudhani kwamba ni mzaha tu uliomvunja mbavu.

Mwisho wa hotuba, kwa desturi, humpata mama watoto. Yeye naye anahama, na hapana barua iliyoandikwa kwa jina lake. Anauacha upatu wa wanawake hali zamu yake ya kupokea ilikuwa imebaki miezi miwili. Anaacha shamba la muhogo ambalo halijafikia kuvunwa. Na kuku wake wanne, kwa kuwa wa tano ameliwa jioni hiyo, watasafiri juu ya basi miguu imefungwa. Shemeji wakimshurutisha aseme neno, husimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Mume wangu amesema ameitumikia klabu hii miaka mitatu," husema. "Mimi ndiye niliyefua fulana zenu. Yeye anawajua kwa namba. Mimi nawajua kwa harufu. Namba saba, baba, sabuni haina dhambi."

Hapo ndipo kikao huvunjika, maana baada ya neno hilo hapana hotuba iwezayo kusimama. Namba saba hushikwa mabega na wenzake. Mwenyekiti wa upatu huingia jikoni na kunong'ona kwamba zamu ya mama yule itatimizwa. Fedha zitakwenda Koboko kwa mkono wa mtu mwaminifu. Asubuhi vyombo hupakiwa: godoro, sufuria, jiko la mkaa, baiskeli ya mtoto isiyo na gurudumu moja. Wachezaji watatu wasio na zamu huja kubeba, na mmoja wao, aliyekuwa akidai, hubeba kuliko wote.

Miezi kadhaa baadaye timu ya Koboko huja Arua. Koplo hushuka garini pamoja na wageni, na ile fulana mpya ambayo bado haina tundu. Watazamaji humpigia miluzi, wengine wakiuliza kwa sauti kama amekuja na ile karatasi. Naye huinua mkono, hucheka, huvuka uwanja akiwa na mawazo yake, na kwa mazoea huenda moja kwa moja kukaa katika benchi la wenyeji. Wale wa zamani husogea kumpisha, na hapana anayemfukuza mpaka mwamuzi apige filimbi.