Ilani ya Mkono Unaotetemeka

Sisi wakazi wa Johannesburg, wagonjwa, wauguzi, waunda programu na tunaowauguza wazazi nyumbani, tumeanzisha vuguvugu hili ili magonjwa ya ubongo yapimwe kwa vifaa vinavyotujua.

Hapa jijini, ukitaka teksi ya kwenda mjini unanyoosha kidole kimoja juu. Mwenye ugonjwa wa Parkinson, dawa ya asubuhi ikiwa imemwishia nguvu, huinua mkono polepole mno na teksi ikampita. Siku ya kliniki daktari humwona kwa dakika chache, pengine dawa imemkolea, na faili likaandikwa: anaendelea vizuri. Tangu James Parkinson aueleze ugonjwa huu huko London mwaka 1817, kipimo kikuu kimekuwa jicho la daktari. Leo simu iliyo mfukoni ina vihisi vya mwendo. Inaweza kuhesabu mitetemo minne hadi sita kwa sekunde, urefu wa hatua, na kasi ya kidole kwenye kioo, kutwa nzima.

Njia ipo. Kule Agincourt, Mpumalanga, utafiti wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand na washirika wake, ulioanza 2014 kwa watu zaidi ya 5,000 wa miaka 40 na kuendelea, umetumia vishikwambi kupima kumbukumbu na umakini hata kwa wasiosoma. Na haja ni kubwa: wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walipopita nyumba kwa nyumba waligundua kuwa wengi wa wagonjwa wa Parkinson hawajawahi kuambiwa wanaumwa nini.

Kwa hiyo tunadai. Mama muuza mboga wa soko la Yeoville, anayejumlisha hesabu za wateja watatu kichwani, asiandikwe kuwa akili imepungua eti kwa kuwa ameshindwa kuchora saa kwenye kipimo cha akili. Apimwe kwa Kizulu, kwa Kisotho, au kwa Kiswahili alichotoka nacho Kongo. Programu ifanye kazi kwenye simu ya bei nafuu, bila bando. POPIA, sheria ya Afrika Kusini ya kulinda taarifa binafsi, inazipa taarifa za afya ulinzi wa pekee. Sisi tunataka pia mgonjwa azione mwenyewe, na akitaka zifutwe, zifutwe.

Wala hatutakubali kupimwa tu kisha tuachwe. Kipimo kikionyesha levodopa, dawa ya Parkinson, inaisha nguvu saa nne asubuhi, kliniki ipange dozi upya, na dawa iwepo dirishani.

Tunaanzia Yeoville na Soweto. Waunda programu wa Braamfontein, njooni mkae na wagonjwa kabla hamjaandika mstari wa kwanza.